Kelele kati yako na jirani: hatua za kufuata kuanzia spika yako mpaka malalamiko rasmi

Watu wengi wakitafuta sheria za kelele wanataka kujua kitu kimoja tu, ni saa ngapi natakiwa kuzima mziki, au ni saa ngapi naruhusiwa kumripoti jirani. Saa ni muhimu na ntaieleza, lakini nimeishi miaka mingi kwenye nyumba za kuchangia ukuta na watu wengine, na nilichokiona ni kwamba ugomvi mwingi unaanza kwa sababu mtu haisikii kelele yake vile inavyofika kwa mwenzie. Yani wewe unasikia wimbo, yeye anasikia dum dum dum kwenye mto wake. Kwahiyo mwongozo huu unaanza kwako halafu ndo unaenda kwa jirani, na naomba uufuate hivohivo hata kama leo wewe ndo unayesumbuliwa.

Hatua ya 1: Soma sheria za hapo unapoishi

Usitegemee ulichoambiwa na mtu, kasome. Na kusoma kwenyewe ni sehemu tatu au nne hivi. Anza na mkataba wako wa kupanga, maana kipengele cha "kutosumbua wapangaji wengine" kipo kwenye mikataba mingi sana na watu huwa wanasaini bila kukisoma. Halafu kanuni za jengo kama unakaa kwenye fleti. Halafu sheria ndogo za halmashauri au manispaa yako, hizi ndo huwa na masaa yenyewe. Juu ya hizo kunaweza kuwa na sheria ya mazingira ya nchi nzima inayotaja viwango vya sauti.

Ukizifungua tafuta mambo haya: muda wa utulivu unaanza na kuisha saa ngapi (sehemu nyingi duniani ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, ila kwako inaweza kuwa tofauti, na wikiendi au sikukuu zinaweza kuwa na masaa yake), eneo lako limewekwa kundi gani maana makazi, biashara na viwanda havipimwi sawa na karibu na hospitali huwa pana ukali zaidi, kazi za ujenzi zinaruhusiwa masaa gani, sherehe yenye vipaza sauti inahitaji kibali au la, na ofisi gani inapokea malalamiko. Hiyo ya mwisho iandike kabisa kwenye simu yako na namba yake, kwa sababu siku utakayoihitaji itakuwa saa saba usiku na hautakuwa na akili ya kutafuta.

Sasa kuna kosa moja la kuelewa sheria hizi ambalo linanikera kwa kweli. Mtu anasoma "utulivu unaanza saa nne usiku" anaelewa kwamba kabla ya saa nne anaruhusiwa kufanya lolote. Sivyo. Sehemu nyingi sheria inaangalia pia kama kelele ni kero kwa mtu wa kawaida, yani imedumu muda gani, inarudia mara ngapi, ni ya aina gani, na ingeweza kuepukika au la. Mziki wa kutikisa madirisha saa nane mchana kila siku unaweza kabisa kuwa kosa. Na upande wa pili, mtoto mchanga anayelia usiku, mtu anayetembea chumbani kwake, choo kinachovutwa, hizo ni sauti za watu kuishi na usitegemee ofisi yoyote ikusaidie kuzizuia, hapo ni mazungumzo tu na pengine zulia.

Hatua ya 2: Zielewe desibeli kidogo, zisikudanganye

Kelele inapimwa kwa desibeli na hizi namba hazijumlishwi kama pesa. Ikipanda kwa 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi, ila sikio linaisikia kama imekuwa kubwa takriban mara mbili. Ukiongeza spika ya pili inayofanana na ya kwanza unaongeza kama 3 tu. Chumba cha kulala kilichotulia kiko kwenye 30 hivi, maongezi ya kawaida ya watu wawili yako karibu na 60. Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yake ya 1999 lilisema ili mtu alale vizuri kelele ya mfululizo ndani ya chumba isizidi 30, na mlio mmoja mmoja usizidi 45. Ukiangalia hizo namba utaona maongezi yako ya kawaida kabisa, yakipenya ukuta mwembamba, yanaweza kumsumbua aliyelala.

Programu za kupima kelele kwenye simu zinasaidia kulinganisha, kwa mfano jana ilikuwa hivi na leo nimeweka raba chini ya spika imekuwa hivi, lakini usizichukue kama ushahidi wa mwisho. Maiki ya simu haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Halafu kipimo kinachotumika zaidi kimewekwa kufuata sikio la binadamu, kinapunguza uzito wa besi, kwahiyo simu inaweza kuonyesha namba ndogo wakati kitanda cha mwenzio kinatetemeka. Mtu akikwambia anaumizwa na besi usimwonyeshe simu.

Hatua ya 3: Nenda kasikilize kelele yako ukiwa upande wa pili

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote na ni watu wachache sana wanaifanya, ingawa haigharimu kitu.

Kuna kipindi nilikuwa nakaa ghorofa ya juu, chini yangu anakaa dada mmoja ambaye kazi yake ni ya shifti, wiki nzima anaingia usiku anatoka asubuhi. Mimi nilikuwa nawasha sabufa saa tatu au saa nne asubuhi nikifanya usafi, sauti ya kati tu, na nilijiona mtu mstaarabu kabisa kwa sababu usiku sikuwa nawasha kitu. Siku moja akapanda, akagonga, macho mekundu, akaniambia "kaka samahani, naomba ushuke chini dakika moja tu usikilize". Nikaacha wimbo unacheza nikashuka. Chumbani kwake nilichosikia hakikuwa wimbo kabisa. Hakuna sauti ya mwimbaji, hakuna gitaa, hakuna kitu, ni mdundo tu unatoka kwenye dari na kwenye kuta zote, na glasi ya maji aliyoweka kwenye meza ya kitanda maji yake yanacheza miduara midogo kila besi ikipiga. Niliona aibu kweli. Yule dada alikuwa na wiki tatu hajalala vizuri na mimi sikujua hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Sauti inasafiri kwa njia mbili. Kuna inayopita hewani, kama maongezi na tivii, hii inaingilia kwenye uwazi wa milango, madirisha na kuta nyembamba. Na kuna inayopita ndani ya jengo lenyewe, kitu kikigusa sakafu au ukuta kinautikisa, zege linabeba mtikisiko, unatokea chumba kingine kabisa. Besi ina tabia ya zote mbili. Wimbi la sauti la mdundo mzito, tuseme wa hezi 50 (yani mitetemo 50 kwa sekunde), lina urefu wa kama mita 7, sasa wimbi kubwa kiasi hicho haliwezi kuzuiliwa na pazia wala sponji nyembamba ya ukutani. Na naomba nilisemee hili la trei za mayai, watu wanazibandika ukutani wakiamini zinazuia kelele, hazizuii, zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba chako basi, na moto ukitokea zinawaka haraka.

Kwahiyo muombe jirani, wa pembeni, wa juu na wa chini, dakika tano tu. Weka mziki kwenye sauti unayotumia kawaida, mwache mtu kwako atembee, avute kiti, afunge mlango, wewe ukae pale jirani anapolala. Halafu mpigie aliyebaki kwako apunguze taratibu mpaka mahali ambapo chumbani kwa jirani husikii tena, na hapo weka alama kwenye kitufe cha sauti. Hiyo alama ndo sauti yako ya kuanzia siku hiyo.

Hatua ya 4: Rekebisha kelele kimoja kimoja

Spika na sabufa. Itoe sabufa kwenye kona ya chumba, kona inaiongezea besi. Isigusane na ukuta, na chini yake weka raba nene au sponji ngumu ili isikae moja kwa moja kwenye sakafu. Kwenye mipangilio ya sauti punguza besi kwanza kabla hujapunguza sauti nzima, utashangaa wewe mwenyewe unasikia karibu vilevile na jirani anapumzika. Usiku izime sabufa kabisa utumie spika ndogo au hedifoni. Tivii nyingi zina modi ya usiku, inashusha milipuko ya filamu na kuacha maongezi yasikike, tafuta kwenye mipangilio ya sauti.

Viti na meza. Kiti kikivutwa kwenye vigae, ule mlio wa krrrr, chini unasikika mkubwa kuliko unavyousikia wewe. Bandika vipande vya kitambaa kizito au raba kwenye miguu yote minne, na vikague baada ya miezi michache maana vinachakaa na kubanduka. Viatu vya kisigino vivuliwe mlangoni.

Mashine ya kufulia. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ni kero kubwa na dawa yake ni rahisi. Kama mashine ni mpya na inaruka kama inataka kutembea, geuza uangalie nyuma, kuna boliti za kusafirishia ambazo zinatakiwa kutolewa kabla ya kutumia na watu wengi wanaziacha. Kama zilishatoka, weka pima maji juu yake, halafu bonyeza kona moja moja kwa mkono, ikicheza ujue kuna mguu haujafika chini, uzungushe mpaka itulie kisha kaza nati yake ya kufungia. Usifue blanketi moja peke yake, likilowa linakaa upande mmoja na ngoma inapiga, weka na vitu vingine viwili vitatu lisawazike. Chini weka mkeka wa raba. Na ule mzunguko wa mwisho wa kukamua ndo wenye kelele kuliko yote, kwahiyo ukiwasha hesabu utaisha saa ngapi, usiangalie tu umeanza saa ngapi.

Milango. Inayojipiga na upepo wekea kizuizi, na raba ya pembeni ya fremu inapunguza mlio na inaziba uwazi ambao maongezi yanapita.

Drili na nyundo. Kusanya matundu yote uyatoboe siku moja, mchana, na uwaambie watu kabla. Jirani akijua ni saa moja tu anavumilia. Tundu moja leo jioni, moja kesho asubuhi, hapo unamtesa mtu ambaye kila mara anadhani imeisha.

Jenereta. Elekeza ekzosi mbali na madirisha ya watu, iweke mbali kadri waya unavyoruhusu kwa usalama, maana sehemu ya wazi umbali ukizidi mara mbili kelele inashuka kama desibeli 6. Ila tafadhali usije ukaiingiza ndani au kwenye korido ili kupunguza kelele, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa wamelala.

Mbwa anayebweka ukiwa umetoka mara nyingi wewe mwenyewe hujui kama anabweka. Acha simu inarekodi siku moja ukienda kazini. Ukikuta anabweka masaa, mtembeze kabla hujatoka, mzibie dirisha analoangalia wapita njia, na umzoeshe kubaki peke yake kidogo kidogo, dakika chache kwanza. Kumfokea akibweka hakusaidii.

Watoto wacheze, ni watoto. Mpira ndani ya nyumba usiku hapana, zulia nene wanaporukia, inatosha.

Hatua ya 5: Ukiwa na sherehe

Waambie majirani siku mbili tatu kabla, kwa mdomo ikiwezekana, sio karatasi tu mlangoni. Waambie inaanza saa ngapi, mziki unaisha saa ngapi, na wape namba ya simu ya mtu ambaye siku hiyo atakuwa anaangalia simu kweli, kwa sababu mwenye sherehe huwa hasikii. Kama sheria inataka kibali, chukua mapema. Muda uliosema ukifika shusha besi, ingiza watu ndani, funga madirisha.

Na kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau ni kuagana. Mziki umezimwa vizuri saa nne, halafu watu ishirini wanasimama getini nusu saa, wanacheka, milango ya magari inapigwa, mmoja anapiga honi kuaga. Kwa aliyelala, hiyo ni mbaya kuliko mziki wenyewe maana inakuja ghafla na kukatika. Agana nao ndani, mweke mtu mmoja getini awakumbushe kwa upole.

Hatua ya 6: Ukiwa wewe ndo unayesumbuliwa

Usiende ukiwa na hasira saa nane usiku, na pia usikae miezi sita ukijaza moyo halafu siku moja ukalipuka, mwenzio ataona umechanganyikiwa kwa sababu kwake ndo siku ya kwanza kusikia. Subiri kesho yake mchana, nenda peke yako, bila kundi la majirani nyuma yako.

Sema kitu mahususi. "Mnapiga sana kelele" haimsaidii mtu kujua arekebishe nini. Sema hivi: "Habari za saa hizi kaka, samahani kwa kukusumbua. Mimi nakaa hapo pembeni, kitanda changu kipo kwenye ukuta huu. Jana na juzi kuanzia kama saa tano usiku nilikuwa nasikia besi mpaka saa saba, sikuweza kulala na naamka saa kumi na moja. Sijui kama ulikuwa unajua inafika kwangu. Unaweza kuja uisikie siku moja?" Akiwa mtu mzima kwako anza na shikamoo yako na uongee kama unaomba ushauri, "mama nina shida kidogo naomba tusaidiane". Mpe na wewe kitu, mwambie utasogeza kitanda, au siku fulani uko safari anaweza kufurahia bila wasiwasi. Badilishaneni namba, meseji fupi "kaka besi imefika" ni bora mara mia kuliko kugonga ukuta.

Usiende kabisa kama mtu amelewa, kama ana historia ya kupiga watu au alishakutishia, hapo tumia mwenye nyumba au ofisi. Na kama unachosikia kinafanana na mtu anapigwa au mtoto anaumizwa, hiyo sio kesi ya kelele, piga namba ya dharura hapohapo.

Hatua ya 7: Ukiletewa malalamiko wewe

Usimjibu "mbona wengine hawasemi". Wengine wameogopa. Usimjibu "ni mchana, sheria inaniruhusu". Muulize ni saa ngapi hasa, chumba gani, ni mdundo au maongezi au kitu kinaburuzwa, halafu mshuke mkasikilize pamoja. Hata kama unaona anazidisha, aliyepanda ngazi kuja kukwambia usoni amekuheshimu kuliko angeenda moja kwa moja polisi.

Hatua ya 8: Ikishindikana, andika na upande ngazi

Chukua daftari au noti kwenye simu, kwa wiki mbili andika kila tukio wakati linatokea, usisubiri kukumbuka. Iwe namna hii: "Jumanne, saa 5:20 usiku mpaka 7:10, mziki wa besi kutoka nyumba ya juu, nipo chumbani mlango umefungwa, mtoto ameamka mara mbili, nilituma meseji 5:40 haikujibiwa." Mambo ya "jirani mbaya", "wahuni", usiandike, yanaharibu maelezo yako. Rekodi sauti fupi ukiwa ndani kwako. Usirekodi watoto wa watu, usipenyeze simu dirishani kwake, na usirushe mtandaoni, utageuka wewe mwenye kosa.

Halafu mwandikie jirani barua fupi ya heshima ubaki na nakala. Isipofanya kazi nenda kwa mwenye nyumba au uongozi wa jengo na lile daftari. Omba msuluhishi kama eneo lako linao, mtu wa tatu asiye upande wowote anafungua mambo mengi. Baada ya hapo ndo ofisi ya halmashauri inayoshughulika na mazingira au afya, wao wana vifaa vya kupima na wanaweza kutoa onyo la maandishi au faini. Polisi ni kwa kelele inayoendelea usiku huu huu au kukiwa na vitisho. Muda wote huo usilipize, ukigonga dari na fimbo au kuelekeza spika yako ukutani, siku afisa akija atakuta kelele mbili.

Wakati unasubiri, linda usingizi wako. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa pamoja, weka kabati lenye nguo pale. Vizibo vya masikio vya sponji vinafanya kazi ukiviingiza sawasawa: kiviringe kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kama nusu dakika mpaka kijae. Kama kipo nje nusu hakijaingia. Havizuii besi vizuri, ila maongezi na tivii vinapungua sana.

Hatua ya 9: Rudi uulize

Ukisharekebisha chochote, pita baada ya wiki moja umuulize jirani kama kuna tofauti. Mimi nilisogeza sabufa, nikaweka raba, nikashusha besi, nikajua nimemaliza, nikapita kwa yule dada akaniambia imepungua ila saa nne asubuhi bado inamfikia. Tukakubaliana ananitumia ratiba yake ya shifti kila mwisho wa mwezi. Naibandika kwenye mlango wa friji, siku zake za usiku nazizungushia wino mwekundu, na usafi wangu siku hizo naufanya na hedifoni au nausogeza mpaka saa kumi jioni akishaamka.